Wimbo wa Punda na Kitunguu

Mwanatumu hushona makuti Msambweni, upande wa Milalani, na ukiwahi kuketi chini ya paa la hoteli yoyote kati ya hapo na Diani ukasifu kivuli chake, huenda kipande cha kivuli hicho kilipita mikononi mwake. Yeye mwenyewe hulala chini ya mabati. Ukimwuliza sababu, atakwambia makuti ni anasa ya wenye nacho, maana huoza yakataka kubadilishwa, na mabati hayana maringo hayo. Hivyo ndivyo alivyo. Hapendi kitu kinachomsumbua mara mbili.

Kwa mtu wa tabia hiyo, ungeapa kwamba angekuwa wa mwisho katika Msambweni nzima kuweka mali mahali pasipo na mlango, wala karani, wala askari. Lakini aliweka. Na mali yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya Twaiba.

Twaiba ni binti yake wa pekee. Alikuwa Maskati, akisuka nywele na kupaka watu hina katika saluni ya mwanamke mmoja wa huko, akisimama kutwa hadi miguu ikavimba. Alitaka kitu kimoja tu: kiwanja kidogo hapo hapo Milalani, ajenge chumba, aweke kioo na viti viwili, awe na saluni yake na asimwite mtu bosi tena. Kila mwezi alituma akiba yake nyumbani. Mwanzoni aliituma kwa duka la kutuma fedha, na duka lilijikatia fungu lake kwanza. Kilichobaki kilipoingia kama shilingi kwenye simu ya Mwanatumu, jamaa walikinusa. Shemeji alikuwa na mgonjwa, binamu alikuwa na ada ya shule, na Tsuma, mumewe Mwanatumu, alikuwa na moyo usiojua kusema hapana. Mwaka ulikwisha, na ya kiwanja haikupatikana hata bei ya kigingi.

Ndipo Twaiba alipomwambia mamake amtafute Lewis, mhudumu wa hoteli Diani, mtu wa bara kutoka Vihiga, ambaye siku zake za mapumziko huwafundisha wafanyakazi wenzake pale Ukunda habari za sarafu za mtandaoni. Mwanatumu alikwenda akiwa amejikunja. Alimjua Kheri wa jirani, aliyeambiwa na watu fulani wenye suti kwamba fedha zake zingezaa mara mbili kwa mwezi, na wenye suti wale hawajaonekana mpaka leo.

"Shikamoo, Mama Twaiba," Lewis alisema akimvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe hiyo benki yenu iko wapi."

"Hakuna benki, mama. Hapo ndio stori inaanzia. Hakuna benki, hakuna bosi. Kuna daftari moja, lakini kopi zake ziko kwa kompyuta za watu maelfu, dunia mzima. Twaiba akikutumia kitu, kopi zote zinaandika. Mtu akijaribu kuandika uongo kwa kopi yake, zile zingine zinamkataa. Kwa hivyo hakuna mtu mmoja anaweza kuamka asubuhi aseme pesa yako imeisha."

"Na hao wanaoandika kutwa kucha, nani huwalipa? Au ni sadaka?"

Lewis alicheka. "Wanashindana kufunga ukurasa, mama. Mwenye ameshinda anapewa sarafu mpya kidogo, na ile ada ndogo Twaiba analipa akituma."

"Na bei yake?"

"Bei inapanda, inashuka, siwezi kukudanganya. Mwezi huu unacheka, mwezi ujao unalia. Mtu akikwambia inapanda tu, toroka."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtuliza. Wale wa Kheri hawakuwahi kusema kuwa kitu kinaweza kushuka. Mwanatumu alipima mambo kichwani: duka la fedha halitakata fungu nono, Twaiba ataweza kutuma hata siku ya mapumziko yake, na jamaa hawatakopa wasichokiona. Akatoa simu.

Lewis aliiandaa simu, kisha akageuka akatazama ukuta. Mwanatumu alidhani amemkosea.

"Sasa inakuonyesha maneno kumi na mbili ya Kizungu," Lewis aliuambia ukuta. "Yaandike, mama, kwa mpangilio huo huo. Hata mimi sitakiwi kuyaona. Simu ikipotea, hayo maneno yanarudisha kila kitu kwa simu ingine. Maneno yakipotea, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Na mtu mwingine akiyajua, mali ni yake."

Mwanatumu aliyaandika kwenye karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Alipofika nyumbani ndipo alipoanza kuona shida. Kwenye sanduku mlikuwa na mchwa. Darini palivuja. Na Tsuma alikuwa na mazoea ya kufungia tambuu yake karatasi yoyote aliyoikuta. Basi akafanya wanachofanya wanawake wa makuti kwa jambo lolote wasilotaka lipotee. Aliyatia maneno yale kwenye wimbo, kisha akaichoma karatasi.

Akili nzuri, ungesema. Kwa mtu anayeshona peke yake chumbani, ndiyo. Lakini makuti hayashonwi peke yako. Wanawake hukusanyika uani, majani yameroweshwa kwenye pipa yalainike, kila mmoja ana ufito wake mapajani, anakunja jani na kushona, anakunja na kushona, na kinachoiongoza mikono ni kinywa. Anayenyamaza huchelewa. Na wimbo ukishaimbwa uani ni wa ua mzima, hakuna anayeomba ruhusa kuushika.

Mwanatumu alikusudia kuuimba moyoni. Mikono ikamsaliti. Kila ikipata kasi, midomo nayo ilifunguka yenyewe, na haukupita muda Shutu, mdogo kuliko wote pale uani, akasikia.

"Wimbo gani huo, bi?"

"Ninajifunza Kizungu," Mwanatumu alisema, "nipate kuzungumza na wageni."

Wakaupenda mno. Kila neno la Kizungu lilikuwa na maana yake kando, maana alizozipata kwa mtoto wa jirani anayesoma, naye akazipanga zikatiririka. Ulianza hivi:

*Donkey ni punda, onion kitunguu,*
*window ni dirisha, nifungulie juu.*

Beti zilikuwa nne, maneno matatu kila ubeti. Hata Tsuma, aliyekuwa akiketi barazani akitafuna tambuu yake, aliupenda. Ubeti wa tatu ulimalizikia kwa mvua iliyo njiani, na kila wanawake walipofika hapo, yeye alipaza sauti kutoka barazani, "Basi anueni nguo!" Ua mzima ulicheka, kila siku, kama hawajawahi kuisikia.

Aliyeushika wimbo kuliko wote ni Fauzia. Huyu Fauzia, mamake Swabir, ni mwanamke mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Mtu akikosea neno aliwasimamisha wote. "Si hivyo! Anzeni tena." Na wenzake nao walimwunga mkono, wakamzomea mkosaji mpaka asahihishe. Siku moja Mwanatumu alicheka peke yake kwa kukumbuka kopi za Lewis zinazomkataa mwongo. Aliona ni kichekesho tu. Hakujua kuwa alikuwa akiutazama usalama wake na hatari yake kwa pamoja. Alijiambia, nani hapa atajua? Ujuzi wao wa simu ulikomea kwenye kutuma hela na kupokea.

Miaka ikaenda. Bei ilipanda, ikaanguka, ikapanda tena. Wakati mmoja theluthi nzima ya mali ya Twaiba iliyeyuka kwa wiki chache, na Mwanatumu aliacha kabisa kuitazama ili apate usingizi.

Kisha Tsuma akafariki. Alianguka njiani akitoka kuswali, na aliyempigia Mwanatumu simu hakujua kuzunguka maneno. Mwanatumu alikuwa ameinama juu ya pipa akigeuza majani. Simu ilimtoka mkononi ikazama, na hakuna aliyekumbuka kuitoa mpaka kesho yake, maiti ikiwa imeshazikwa. Haikuwaka tena.

Akaingia eda, miezi minne na siku kumi kama dini inavyomtaka mjane, ndani ya nyumba, bila pambo na bila shughuli. Kazi ya makuti ilihamia kwa Fauzia, ng'ambo ya barabara, mbali na masikio yake. Kuimba hakukuwa na nafasi katika nyumba ile. Mara mojamoja alijaribu kupitisha wimbo wake moyoni ili asiusahau, lakini kila alipokaribia ule ubeti wa tatu alimsikia Tsuma barazani, akaacha. Aliuacha mara nyingi mno.

Wanawake walimletea chakula na habari. Mojawapo ya habari ilikuwa kwamba Fauzia amemfukuza Swabir. Swabir ni mwanawe wa pekee, ana duka la simu Mombasa, kijana asiye na neno na mtu. Alikuwa amekuja kumwona mamake, akaketi uani na wanawake, mara wakaona mamake amemrukia na ufito mkononi, amempokonya simu, amemtoa mpaka barabarani na kumwambia asirudi. Kisa, simu. Idd ilikuja ikapita, Swabir hakuja, na Fauzia alikula pilau peke yake.

Mwanatumu alilichukia jambo hilo waziwazi. Fauzia alipokuja kumtazama, na bakuli la mbaazi za nazi mkononi, hakumficha.

"Wangu yuko ng'ambo ya bahari nami namlilia usiku na mchana. Wako yuko Mombasa hapa, nawe unamfukuza kwa fito. Wewe ni mama wa namna gani, Mama Swabir?"

Fauzia, ambaye hakuwahi kuachia neno limpite bila jibu, aliweka bakuli chini, akasema, "Kula kabla hazijapoa," akaondoka.

Eda ilipokwisha, Twaiba alimpata mamake kupitia simu ya mjombake. Mkataba wake umemalizika, alisema, na hakutaka mwingine. Kiwanja amekipata, mwenye kiwanja anamngojea mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo atamwuzia mtu mwingine. "Kwa hiyo mama, tutoe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka. "Tutoe nije nyumbani."

Mwanatumu alinunua simu mpya kwa hela za makuti, akaenda Ukunda. Lewis alimpa pole ya msiba, akaiandaa simu, akageukia ukuta wake. Mwanatumu akaanza kuandika maneno huku akiimba kwa sauti ya chini. Punda, kitunguu, dirisha. Ubeti wa pili ukaja wote. Alipofika wa tatu, hapakuwa na kitu. Akaruka akaenda wa nne, ukaja wote. Akarudi, akaanza upya kutoka kwa punda, mara ya pili, ya tatu, na kila mara alianguka shimo lile lile. Alichokikumbuka ni mvua tu, na mvua haikuwa mojawapo ya maneno.

"Nina tisa," alisema mwishowe.

"Tisa haifungui, mama."

"Wapigie, waambie mwenyewe ni mimi. Nina kitambulisho."

"Nimpigie nani?" Lewis aliuliza, naye aliuliza kwa huruma. "Si nilikwambia hakuna bosi. Hiyo ndio raha yake, na hiyo ndio ubaya yake."

Alimpigia Twaiba, akamwomba ile anwani aliyokuwa akiitumia kutuma mali, akaiingiza kwenye simu yake mwenyewe, akamwonyesha Mwanatumu. Mali ilikuwapo, yote. Mtu yeyote mwenye anwani ile angeweza kuiona, Lewis alieleza, ila bila maneno kumi na mawili hakuna duniani awezaye kuigusa. Mwanatumu alitazama jasho la miaka ya mwanawe kwenye kioo cha simu ya mtu, na kuiona hivyo asiweze kuigusa kulimuuma kuliko kama ingeibwa. Mwizi ungemlaani. Hapa angemlaani nani kama si nafsi yake?

"Kuna mtu mwingine anayajua?" Lewis aliuliza.

Mwanatumu aliona haya kujibu. "Wanawake wote wa makuti," alisema, akamweleza habari ya wimbo.

Lewis alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama Twaiba! Miaka yote hiyo imekuwa ikiimbwa nje? Shukuru Mungu bado iko. Enda uyalete, na ukiyapata usilale nayo. Siku hiyo hiyo tunahamisha kwa maneno mapya, na hayo mapya, tafadhali, usiyaimbe."

Asubuhi yake alikwenda uani kwa Fauzia. Wakampokea kwa vifijo na machozi, wakampa ufito na nafasi kivulini. Akashona, akangoja. Waliimba nyimbo za harusi, wakaimba za zamani, lakini ule wake hawakuugusa, na akaelewa kuwa wanamwonea huruma. Aliogopa kuomba. Akiomba kwa pupa watajiuliza, na asipoomba kiwanja kitakwenda.

"Imbeni ule wa Kizungu," alisema hatimaye.

Wote wakamtazama Fauzia. Fauzia naye akamtazama Mwanatumu, sindano ikiwa imesimama katikati ya jani.

"Tuimbe," alisema. "Lakini sawasawa."

Wakaanza na punda. Mwanatumu aliimba nao ubeti wa kwanza na wa pili, kisha akanyamaza asikize. Shutu, kwa furaha ya kumwona amerudi, akaparamia mwavuli kabla ya jikoni. Fauzia akapiga pipa kwa kiganja. "Si hivyo! Anzeni tena." Wakaanza tena, kutoka mwanzo, na safari hii ubeti ukaja mzima:

*Goat ni mbuzi, kitchen ni jikoni,*
*umbrella mwavuli, mvua i njiani.*

Na kabla Mwanatumu hajavuta pumzi, ua mzima kwa sauti moja ukaitikia, "Basi anueni nguo!"

Walikuwa wameufanya sehemu ya wimbo. Miezi yote ile aliyokuwa ndani hawezi hata kuufikia ubeti ule, wao walikuwa wakimwitikia Tsuma kila siku. Mwanatumu aliinamia ufito wake akalia. Wanawake walidhani analilia mumewe, na hawakukosea sana. Mbuzi, jikoni, mwavuli. Alimaliza kuti alilolianza, akaaga, akaenda moja kwa moja Ukunda.

Simu ilifunguka. Lewis alimwelekeza wakahamisha kila kitu kwenye maneno mapya, naye safari hii aliyaandika mara mbili, nakala moja akataka kumpa fundi aichonge kwenye kipande cha bati, lakini Lewis alimzuia mlangoni, akamwambia fundi naye ni mtu. Mwanatumu akayachonga mwenyewe kwa msumari, nyumbani, mlango umefungwa. Bei ilikuwa imeshuka tena wiki ile. Walipobadilisha kuwa shilingi, zilitosha kiwanja na hazikutosha msingi. Twaiba alisema kiwanja kwanza, msingi ataujenga kwa vidole vyake, na tiketi ameshakata.

Siku ya pili Mwanatumu alinunua halwa, akaenda kwa Fauzia mapema, kabla ya wenzao kufika. Alikuwa amepanga maneno ya kukiri. Aliona si haki watu wamkombolee mwanawe bila wao kujua. Lakini Fauzia, aliyekuwa akijaza maji kwenye pipa, hakumpa nafasi.

"Umeshahamisha?" aliuliza bila kugeuka.

"Nini?" Mwanatumu aliuliza.

"Nakuuliza, mwenzangu. Vitu vyako umeshavitoa?"

"Nimevitoa. Jana." Akaketi kwenye kigogo. "Ulijuaje?"

"Swabir." Fauzia alifunga mfereji. "Alikuja kunitazama, tukawa tunaimba. Akauliza, mama, haya maneno mnayaimba kila siku kwa mpangilio huu huu? Nikamwambia ndiyo, na akosaye tunamrudisha. Akacheka, akaninong'oneza kwamba huu si wimbo, huu ni ufunguo wa mali ya mtu, iko kama hivi na hivi. Kisha akatoa simu aturekodi. Ubeti mmoja tu alikuwa ameusikia. Nikampokonya."

"Swabir si mwizi, Fauzia."

"Sikusema ni mwizi. Ni mwanangu, namjua kwa kila kitu isipokuwa kwa hela ya bure, na hapo sikutaka kumjua." Alijifuta mikono kwenye leso. "Ningekuja kukwambia. Lakini ulikuwa ndani, simu yako imekufa, ungefanya nini zaidi ya kukosa usingizi? Tena ungenitazama mimi kwa jicho gani? Basi nikasema wimbo usipotee hata neno, na yeye asikanyage hapa, mpaka mwenyewe atoke."

Mwanatumu alikumbuka bakuli la mbaazi, na maneno aliyomwambia mwanamke huyu ndani ya nyumba yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nilikusema vibaya," alisema. "Nisamehe, dadangu."

"Ulisema kama mama. Hiyo ni halwa?"

"Ni yako."

Fauzia aliipokea, akaiweka juu ya kigogo bila kuifungua, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe simu yako hiyo mpya. Yangu haina salio."

Alibonyeza nambari kwa kichwa, bila kutazama popote. Ikaita sana. Iliposhikwa, ile sauti yake kubwa haikutoka, ikabidi akohoe kwanza.

"Swabir? Ni mimi, mamako. Idd ulikula wapi?"